Somo la 4: Kondoo Wakati wa Baridi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 147:12–18, Isa. 1:16–20, Mwa. 31:36–42, Kut. 20:8–11, Kut. 23:12, Isa. 40:10, 11, Ayu. 31:16–22, Yoh. 10:22–30, Yoh. 18:15–18, Yoh. 21:9–17.

Fungu la Kukariri: Yohana 10:27, 28. (Lisomeni kwa sauti darasani kutoka katika Biblia zenu, kisha kila mmoja alikariri.)

Robo hii ya mwaka inatukuta katikati ya kipupwe. Katika nyanda za kati za Tanzania, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Bahi, mvua zimekwisha tangu Aprili au Mei, na hazitarajiwi tena hadi Novemba au Desemba. Majani yamekauka. Upepo kutoka kusini-mashariki unavuma mchana kutwa, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Mtu wa Makete, ambako umande huganda juu ya nyasi, anaweza kucheka akisikia hali hiyo ikiitwa baridi. Lakini kwa mwanakondoo aliyezaliwa usiku huu, au kwa kijana anayelala kando ya zizi akiwa na shuka moja, baridi hiyo inatosha kabisa.

Biblia nayo ina habari nyingi za kondoo na baridi. Kuna theluji inayofananishwa na sufu. Kuna Yakobo aliyekosa usingizi kwa ajili ya mifugo ya mtu mwingine. Kuna Ayubu aliyewavika maskini sufu ya kondoo zake. Na kuna Yesu, aliyezungumza juu ya kondoo wake hekaluni wakati wa majira ya baridi.

Juma hili tutajifunza kwamba Mchungaji wetu hakukaa ndani wakati kundi lake lilipokuwa nje. Kisha tutajiuliza: Je, kuna mtu ambaye sisi tuliokwisha kutiwa joto tumemwacha nje?

JUMAPILI
Theluji kama Sufu

Soma Zaburi 147:16–18 na Isaya 1:16–18. Mafungu haya yanalinganisha theluji na sufu kwa makusudi gani mawili?

Msomaji wa Dodoma anakutana na ugumu mara mbili. Theluji hajaiona, na sufu hajaiona kwa kondoo wake. Kondoo wengi wa Tanzania wana manyoya mafupi kama ya mbuzi, wala hakuna anayewakata sufu. Walicho nacho ni mkia mnene wenye mafuta, ambayo ni akiba ya mwili kwa siku za uhaba. Kondoo wa Palestina walikuwa na mkia wa namna hiyo pia (Law. 3:9), ila waliota sufu nzito iliyokatwa na kufumwa nguo. Theluji inapoanguka usiku juu ya Lebanoni na Hermoni, na miaka mingine hata Yerusalemu kwenyewe, asubuhi nchi huonekana kana kwamba mtu ametandaza sufu safi juu yake. Mawe, matope na vijia, vyote vimefunikwa.

Tanzania nayo ina theluji yake, juu ya Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa mita 5,895. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona kwa mbali tarehe 11 Mei 1848. Alipomuuliza mwongozaji wake ule weupe ni kitu gani, mwongozaji hakuwa na jina jingine ila "baridi." Baadhi ya wasomi wa Ulaya waliipinga habari hiyo kwa miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Hata hivyo mlima haukubadilika kwa sababu ya ubishi wao, na mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni na kuikanyaga barafu yake.

Yule mwongozaji hakukosea. Hakujua jina la theluji, lakini alijua inavyomfanya mtu ajisikie. Vivyo hivyo, si lazima mtu awe ameona theluji ndipo amwelewe Isaya. Inatosha kulijua doa. Kila mama wa nyanda za kati anajua vumbi jekundu linavyofanya likikutana na shati jeupe la Sabato. Ataloweka, atasugua, ataanika, na bado alama itabaki kwenye kola. Mungu anasema kwamba hata doa lililoshindikana Yeye analiondoa.

Angalia pia mpangilio wa maneno. Kabla ya ahadi ya weupe katika fungu la 18, fungu la 17 linawaagiza watu watende haki, wamsaidie aliyeonewa na wamtetee yatima na mjane. Anayeoshwa na Mungu hawezi kuendelea kumwonea jirani yake.

Na Zaburi 147 haikomei kwenye baridi. Yeye aletaye theluji ndiye anayelituma neno lake, barafu ikayeyuka na maji yakatiririka (fungu la 18). Kwa hiyo hakuna kipupwe cha moyo kisicho na mwisho, ikiwa neno la Mungu litaruhusiwa kufika hapo.

Je, kuna doa katika maisha yako ambalo umelisugua kwa nguvu zako mwenyewe kwa muda mrefu? Ahadi ya Isaya 1:18 inakuambia ufanye nini nalo?

JUMATATU
Usiku wa Yakobo

Soma Mwanzo 31:36–42. Orodhesha mambo ambayo Yakobo aliyavumilia alipokuwa akichunga kondoo wa Labani.

Yakobo anazungumza kama mtu aliyejizuia kwa muda mrefu. Miaka 20 amekuwa kazini: 14 kwa ajili ya binti za Labani, na sita kwa ajili ya wanyama. Mchana jua lilimchoma, usiku baridi ilimpiga, na usingizi ukamkimbia. Mnyama aliporaruliwa na wanyama wa mwitu, hasara ilikuwa yake. Mnyama alipoibwa, iwe mchana au usiku, alidaiwa yeye. Na ujira wake ulibadilishwa mara kumi.

Harani, mahali alipofanyia kazi, ipo kaskazini mwa Mesopotamia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ni nchi wazi, yenye jua kali wakati wa kiangazi na baridi kali wakati wa majira ya baridi. Mwindaji akichoka huenda nyumbani, na mkulima akivuna hupumzika. Mchungaji hana ruhusa hiyo, kwa sababu usiku wa baridi ndio usiku wa hatari. Kondoo hujikusanya, wakasongamana ili wapate joto. Wadogo wanaweza kukanyagwa. Fisi naye hajali kama mchungaji amechoka.

Wafugaji wa nyanda za kati wanaielewa sura hii kuliko watu wengi. Katika tembe ya Wagogo, nyumba iliyoezekwa kwa udongo na kujengwa kuuzunguka uwanja, mifugo ililala katikati na watu pembeni, chini ya ulinzi mmoja. Wajenzi wake walijua kwamba huwezi kulilinda kundi ukiwa umelala mbali nalo.

Yakobo hakuwa mkamilifu. Alifika Harani akiwa amemdanganya baba yake. Lakini katika usiku ule wa baridi Mungu alikuwa akimfundisha. Mtu aliyemnyang'anya ndugu yake baraka alijifunza kulipa hasara ya mwingine bila kunung'unika. Na fungu la 42 linaonyesha kilichomtegemeza: Mungu aliyaona mateso yake na kazi ya mikono yake. Labani hakuona. Hesabu ya Labani ilikuwa ya wanyama tu. Mungu alihesabu pia usiku ambao mtumishi wake hakulala.

Ni kazi gani unayoifanya ambayo hakuna mwanadamu anayeiona? Inakusaidiaje kujua kwamba Mungu ameiona?

JUMANNE
Sabato ya Mchungaji wa Kuajiriwa

Soma Kutoka 20:8–11 na Kutoka 23:12. Ni nani wanaotajwa kuwa wanastahili pumziko la Sabato, mbali na mwenye nyumba mwenyewe?

Habari ya Yakobo na Labani haijaisha. Wakati wa kiangazi na kipupwe, mifugo mingi ya nyanda za kati hupelekwa mbali kutafuta malisho na maji. Hunyweshwa kwenye malambo, au kwenye visima vinavyochimbwa katika mchanga wa mito iliyokauka. Wenye mifugo wengi huajiri vijana wa kuchunga. Baadhi yao ni watoto kabisa. Mwingine huahidiwa fedha, mwingine ndama au kondoo mwisho wa mwaka.

Fikiria mfano huu. Mzee wa kanisa ana kondoo na mbuzi 60, na kijana mmoja wa kuwachunga. Kila Ijumaa jioni familia huimba na kuomba, ikiikaribisha Sabato. Kila Sabato asubuhi familia yote huenda kanisani, na kijana hufungua zizi kama siku nyingine. Siku moja anauliza kwa upole, "Tajiri wangu, hivi Sabato yangu mimi ni siku gani?" Mzee anakosa la kujibu, kwa maana swali hilo limo ndani ya amri yenyewe.

Amri ya nne haimpi mwenye nyumba pumziko linalobebwa na mabega ya mwingine. Inamtaja mtumishi, inamtaja mgeni, inamtaja mnyama. Kutoka 23:12 inakwenda mbali zaidi: kusudi mojawapo la siku hiyo ni kwamba wanyonge wa nyumbani wapate kupumua. Anayeitunza Sabato huku kijana wake akiwa porini bila zamu wala kibali cha kupumzika, ameitunza nusu.

Lakini wanyama watakula nini? Swali hilo ni la haki. Yesu mwenyewe alikubali kwamba mnyama hufunguliwa na kunyweshwa siku ya Sabato (Luka 13:15), na kwamba kondoo aliyetumbukia shimoni huokolewa (Mt. 12:11, 12). Kuwahurumia wanyama si kuivunja siku. Linalotakiwa ni maandalio. Mabua ya mtama na majani makavu ya karanga yanaweza kuwekwa akiba tangu mavuno na kuletwa zizini siku ya Ijumaa. Maji yanaweza kuchotwa mapema pale inapowezekana. Na pale ambapo lazima kundi litoke, mwenye mali na wanawe wanaweza kupokezana zamu, ili asiwe mtu yuleyule kila Sabato anayekosa ibada. Familia mbili au tatu za jirani zinaweza kushirikiana katika jambo hili.

Katika Yohana 10:11–13, mtu wa mshahara hukimbia na mwenye kondoo hubaki. Mara nyingi kwetu mambo yamegeuka: mwenye kondoo yuko ndani, na mtu wa mshahara ndiye aliyebaki kwenye baridi. Je, tunaweza kumhubiria kijana huyo Mchungaji Mwema ilhali maisha yetu yanamwonyesha Labani?

Kama mchungaji, mfanyakazi wa ndani au mlinzi wako angeulizwa Sabato ina maana gani, angejibu nini kutokana na anayoyaona nyumbani kwako?

JUMATANO
Mwanakondoo Kifuani

Soma Isaya 40:10, 11 na Ayubu 31:16–22. Nguvu za Mungu na huruma yake zinakutanaje katika picha hizi?

Katika Isaya 40, fungu la 10 linaonyesha Bwana anayekuja kwa uweza na mkono unaotawala. Fungu linalofuata linauonyesha mkono huohuo ukiokota wanakondoo na kuwaweka kifuani. Wanaonyonyesha anawaongoza polepole.

Mfugaji anajua kwa nini ni kifuani. Mwanakondoo huzaliwa akiwa ameloa, na mwilini hana mafuta ya kutosha kumtia joto. Upepo wa usiku ukimpata kabla hajakauka, anaweza kufa kabla ya alfajiri. Anahitaji mambo mawili upesi: akaushwe, na anyonye dang'a ya mama yake. Mchungaji asiye na moto karibu ana joto moja tu la kumpa, nalo ni la mwili wake mwenyewe. Humweka ndani ya nguo yake hadi aache kutetemeka. Hawezi kufanya hivyo bila yeye mwenyewe kuloa na kuhisi baridi.

Hivyo ndivyo Mungu alivyotuokoa. Hakutupatia joto kwa mbali. Kristo alichukua mwili wetu, akaja mahali tulipo, na baridi yetu ikamwingia.

Sasa mwangalie Ayubu. Akijitetea, anasema kwamba hakumwacha mtu afe kwa kukosa nguo; miili ya maskini ilipata joto kwa sufu ya kondoo wake (Ayu. 31:19, 20). Kwake kondoo hawakuwa utajiri wa kuhesabiwa tu. Sehemu ya kundi ilikuwa ya jirani anayetetemeka. Torati nayo ilimkataza mkopeshaji kukaa na vazi la maskini aliloliweka rehani baada ya jua kuchwa, kwa kuwa ndilo la kujifunika usiku (Kut. 22:26, 27). Na Yakobo, mtumishi wa Bwana katika Agano Jipya, anauliza maana ya kumwambia ndugu aende akaote moto, bila kumpa kitu cha kujifunika (Yak. 2:15, 16).

Mungu wa mafungu haya anajali blanketi. Bibi anayeishi peke yake, mgonjwa asiye na wa kumtazama, mtoto anayekwenda shule alfajiri bila sweta: hawa hawahitaji hotuba ndefu juu ya upendo.

Ni nani katika eneo la kanisa lako atakayelala kwenye baridi usiku wa leo? Ni nini ulicho nacho ambacho kingeweza kumtia joto?

ALHAMISI
Moto wa Makaa

Soma Yohana 10:22–30. Kwa nini, unafikiri, Yohana alitaja kwamba yalikuwa majira ya baridi?

Sikukuu ya Kutabaruku iliangukia mwezi wa Desemba. Ilikumbuka jinsi hekalu lilivyotakaswa mwaka 164 K.K., baada ya kunajisiwa na wapagani. Huko Palestina baridi huja pamoja na mvua, tofauti na nyanda za kati, ambako huja na ukavu. Yesu alikuwa akitembea katika ukumbi wa Sulemani, sehemu ya hekalu yenye paa na nguzo. Watu wakamzunguka, wakitaka aseme waziwazi kama yeye ni Kristo. Muda mfupi baadaye waliokota mawe wampige.

Katikati ya ubaridi huo, Yesu hakuzungumza juu ya maadui zake. Alizungumza juu ya kondoo wake: anawajua, wanaisikia sauti yake, wala hakuna awezaye kuwapokonya kutoka mkononi mwake wala mkononi mwa Baba. Usalama wa kondoo hautegemei majira. Unategemea mkono unaowashika.

Soma Yohana 18:15–18 na Yohana 21:9–17. Petro aliota moto mara mbili. Kuna tofauti gani kati ya mioto hiyo?

Usiku wa kukamatwa kwa Yesu kulikuwa na baridi, na watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa uani. Petro akasimama nao, akiota. Kuota moto si dhambi. Lakini mtu anayetafuta joto kwa wale wanaomkataa Bwana wake atajikuta amesema wanayoyasema. Kabla ya jogoo kuwika, Petro alikuwa amekana mara tatu.

Siku chache baada ya ufufuo, Petro alitoka ziwani, amechoka na ameloa. Ufukweni alikuta moto mwingine wa makaa. Safari hii Yesu ndiye aliyekuwa ameuwasha. Hapakuwa na lawama. Palikuwa na mkate, samaki na swali lililoulizwa mara tatu. Ndipo Petro akakabidhiwa wanakondoo na kondoo.

Yesu hakumpa Petro kundi mpaka alipomtia joto. Na alipomtia joto, hakumwacha aendelee kuota moto peke yake. Washiriki wengi hawaliachi kanisa kwa sababu ya mafundisho. Wanaliacha kwa sababu walihisi baridi, wakaona moto mahali pengine.

Darasa lako la Shule ya Sabato ni moto wa namna gani kwa mtu anayerudi baada ya kuanguka?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Ezekieli 34:1–16, Mithali 27:23–27 na Luka 15:3–7. Katika kitabu cha Wazee na Manabii, sura inayoeleza jinsi Yakobo alivyokimbia na kuishi ugenini, Ellen G. White anaonyesha jinsi kazi ya mchungaji ilivyodai uangalizi wa usiku na mchana, kisha anaihusisha na kazi ya Kristo na ya wale aliowakabidhi kanisa lake. Isome ukiwa na orodha ya darasa lako mkononi.

Mithali 27:23 inamwagiza mfugaji aijue hali ya kundi lake. Kujua idadi ni jambo moja, na kujua hali ni jambo jingine. Kitabu cha mahudhurio kinaweza kuonyesha kwamba mtu amekosa Sabato tatu. Hakiwezi kueleza kama amehamia malishoni na mifugo, kama anauguza, au kama kuna neno aliloambiwa mlangoni likamvunja moyo. Habari hizo hupatikana kwa kwenda.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee joho lake na ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi (2 Tim. 4:13, 21). Mtu aliyeandika mambo makuu ya wokovu alihitaji vazi na rafiki. Na alijua kwamba kuna msaada ambao, ukichelewa, baridi inautangulia.

Maswali ya Kujadili:

1. Jadilini kwa uwazi hali ya vijana wa kuchunga katika eneo lenu. Je, wanalipwa walichoahidiwa, na kwa wakati (Kum. 24:14, 15)? Familia za kanisa zinaweza kupanga zamu gani ili kila mmoja apate Sabato?

2. Mfugaji mmoja anasema, "Kijana wangu si Mwadventista, kwa hiyo amri ya Sabato haimhusu." Mtamjibuje kwa kutumia Kutoka 20:10 na Kutoka 23:12?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuwahurumia wanyama siku ya Sabato na kuifanya Sabato kuwa siku ya kazi? Mpaka uko wapi, na nani anaubeba mzigo wake?

4. Pitieni majina ya darasa lenu. Ni nani hajaonekana tangu kipupwe kianze? Chagueni watu wawili wa kumtembelea kila mmoja kabla ya Sabato ijayo. Kama yuko malishoni na mifugo, mtamfikiaje?

5. Kila kikundi kichague nyumba moja yenye uhitaji wa blanketi, nguo za baridi au kuni. Amueni leo nani ataleta nini, na kitapelekwa lini.